Filamu za roboti zimekisahau kichezeo

Mhariri,

Kila likizo ya shule, mabanda ya video hapa Malindi, tangu Maweni hadi Kisumu Ndogo, huzirudia filamu za Transformers, za roboti wanaogeuka kuwa magari, na watoto hujaa hadi mlangoni. Wenye mabanda wanatafuta riziki, watoto wanatafuta raha. Sina neno nao. Neno langu ni juu ya filamu zenyewe, na zaidi ile ya pili, iliyotoka mwaka 2009 kwa gharama ya takriban dola milioni 200. Kwa pesa zote hizo, imepoteza jambo ambalo mtoto wa miaka sita hulielewa akikishika kichezeo mkononi: kila kipande kina mahali pake pa kwenda.

Asiyejua asili ya mambo haya atashangaa filamu kulaumiwa kwa ajili ya vichezeo. Lakini vichezeo ndivyo vilivyotangulia. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua roboti zilizokuwa zikiuzwa Japani na kampuni ya Takara kwa majina ya Diaclone na Micro Change, ikazipa majina mapya na kisa cha vita baina ya kundi jema na kundi ovu, kisha ikazitengenezea katuni ya televisheni ili ziuzike. Ilikuwa biashara, hilo halifichiki. Ila waliozibuni walikuwa mafundi wa kweli.

Mtazame Optimus Prime, kiongozi wa kundi jema, wa mwaka ule. Ni lori jekundu la pua bapa linalovuta tela la kijivu. Ukitaka asimame, unalitoa tela kwanza. Sehemu ya nyuma ya lori, ile ya buluu yenye magurudumu, unaikunja ishuke: hiyo ndiyo miguu. Mikono imebanwa ubavuni mwa kabini, unaizungusha itoke. Kichwa kimelala ndani, unakiinua. Ngumi mbili huja mbalimbali na mwili, unazichomeka kwenye matundu yake. Vioo vya mbele vya lori hubaki pale pale vikawa kifua. Tela nalo likifunguliwa huwa karakana na kituo cha vita. Hakuna kipande kinachozuka hewani wala kinachoyeyuka. Mtoto akizipoteza zile ngumi, na wengi huzipoteza, anajua hasa ni nini kimepungua.

Niwaambie wazazi jambo moja hapa, kwa kuwa vichezeo vya aina hii bado vinauzwa madukani, asili na vya kuiga. Mkono ukigoma kuzunguka, mara nyingi kuna hatua iliyorukwa na kipande kingine kimeziba njia. Rudi nyuma hatua moja, usilazimishe. Plastiki ikianza kuwa nyeupe kwenye bawaba, imeshachoka, ukikaza kidogo itakatika. Mpangilio wa hatua ndio mchezo wenyewe. Hapo mtoto anajifunza kwamba kitu hugeuka kuwa kitu kingine kwa njia, si kwa kelele.

Uhodari mkubwa zaidi ulikuwa kwa Devastator wa mwaka 1985. Ni magari sita ya ujenzi, ya kijani na zambarau, na kila gari ni roboti kamili peke yake. Yote sita yakiungana huwa jitu moja: ekskaveta ni mkono wa kulia, buldoza mkono wa kushoto, loda mguu wa kulia, lori la kuchanganya zege mguu wa kushoto, tipa ni kiuno, na kreni ni kifua pamoja na kichwa. Ukiliondoa moja, jitu linabaki kilema. Sita ni sita.

Filamu ya kwanza, ya mwaka 2007, bado ilikuwa na heshima hiyo. Watengenezaji waliamua kwamba roboti asikue wala asipungue anapogeuka, ndiyo maana Optimus alibadilishwa kutoka lori la pua bapa akawa Peterbilt, lori la Kimarekani la pua ndefu, apate mwili wa kutosha kusimama kwa urefu wa kama mita 8.5. Mafundi wa Industrial Light & Magic, kampuni ya picha za kompyuta za filamu, walimjenga kwa vipande 10,108 ndani ya kompyuta, na fremu moja ngumu, yaani picha moja tuli ya filamu, iliweza kuchukua saa 38 kukamilika. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Pigeni hesabu: kwa kompyuta moja, sekunde moja ya picha ya namna hiyo ni siku 38. Kazi ya jinsi hiyo siidharau hata kidogo. Na Optimus anapogeuka mara ya kwanza katika filamu ile, kamera inamzunguka taratibu, jicho linapata nafasi ya kuona lori likipanda kuwa mtu.

Miaka miwili baadaye Devastator akaletwa kwenye filamu, akapandishwa juu ya piramidi la Giza huko Misri, akiwa na vipande zaidi ya 52,000. Ni nani aliyeviona? Jitu ni rundo la vyuma linalovuta mchanga, wala huwezi kuonyesha kreni iko wapi na tipa iko wapi. Baya zaidi, jitu likiwa limekwisha kuungana, baadhi ya wale wale waliokwisha kuwa viungo vyake, lori la zege na tipa miongoni mwao, wanaonekana wakipigana mahali pengine wakiwa huru. Mashabiki wamewatetea watengenezaji kwa kusema hao ni wengine wenye umbo lile lile. Filamu yenyewe haisemi hivyo. Ilisahau tu kuhesabu. Na dukani mambo yakafuata mkondo huo huo: Devastator mkubwa aliyeuzwa mwaka huo alikuwa na magari sita yanayoungana, lakini gari lolote ukilitenga halikuweza kusimama kuwa roboti. Sanaa ya mwaka 1985 ilikuwa imekatwa katikati.

Kuna sababu zinazojulikana za filamu ile kuharibika. Mgomo wa waandishi wa filamu Marekani ulianza tarehe 5 Novemba 2007, ukaisha tarehe 12 Februari 2008, na maandalizi yaliendelea bila waandishi kuwapo mezani. Tarehe ya kutoka ilikuwa imekwisha kupangwa. Ndiyo sababu kisa kinaruka. Hata jiografia imevurugika: mashujaa wanatoka upande wa Giza hadi Petra na kurudi vitani kana kwamba ni mitaa miwili ya mji mmoja. Petra iko Yordani. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 400 kutoka Giza, karibu sawa na Malindi hadi Nairobi, na katikati kuna jangwa la Sinai.

Mgomo lakini hauwezi kubebeshwa lawama ya wale roboti wawili ndugu, mmoja na jino la dhahabu, wanaosema kwa lafudhi ya Wamarekani weusi na kukiri kwamba hawasomi. Walilaumiwa kote duniani na walistahili. Watoto wetu wanawacheka bila kujua ni nani anayechekwa, na hilo linaniumiza kuliko kasoro nyingine zote za filamu hii.

Sasa nije kwenye mapigano, kwa sababu watetezi husema, "Nyamaza, hii ni ekshen, si riwaya." Vema, tuipime kama ekshen. Pigano huleta raha pale mtazamaji anapojua stelingi ni yupi, adui yuko upande gani, na ngumi imeanzia wapi ikatua wapi. Katika vichezeo vya kale rangi ilifanya kazi hiyo: jekundu na buluu huyu, manjano yule, zambarau wale. Filamu imewavika maadui wengi kijivu, ikawapambanisha mbele ya vumbi la kijivu. Kisha kamera inasogea hadi unaona bega tupu na kiwiko, halafu inakata kabla pigo halijatua. Mkato wa sekunde mbili ni fremu 48. Nusu yake jicho linazitumia kutafuta tu ni nani huyu. Likimpata, picha imeshabadilika.

Uzito nao umepotea. Kitu kikidondoka kutoka mita 1.7, kimo cha mtu, hufika chini kwa kama sekunde 0.6. Kikidondoka kutoka mita 8.5 huchukua kama sekunde 1.3. Kwa hiyo jitu likianguka haraka kama mtu, jicho linalikataa hata kama mtazamaji hajui fizikia. Anaona bati tupu. Mafundi wa zamani waliopiga filamu kwa sanamu ndogo walilijua hili vizuri. Sanamu ya kipimo cha 1 kwa 25 waliipiga kwa fremu 120 kwa sekunde, yaani 24 mara 5, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Ikionyeshwa kwa fremu 24, gari la ukubwa wa mkono linapinduka kwa uzito wa lori. Hesabu hiyo haijabadilika kwa sababu kompyuta imekuja.

Nisiwe mkatili. Filamu hiyo hiyo ya 2009 ina pigano moja zuri, lile la msituni, Optimus peke yake dhidi ya watatu. Ni mchana, miti inakupa kipimo cha urefu wao, na jekundu na buluu lake linang'aa kwenye kijani. Unajua alipo kila wakati. Kwa hiyo uwezo walikuwa nao.

Na kifo cha Optimus katika pigano lile kingeuma zaidi kama kingedumu. Katika filamu ya katuni ya mwaka 1986 Optimus aliuawa ili vichezeo vipya vipate nafasi dukani. Ni sababu ya kibiashara kabisa, lakini watoto walilia, na Hasbro ikashtuka hadi kubadilisha kifo kilichokuwa kimepangwa katika filamu ya katuni ya G.I. Joe, vichezeo vyake vingine vya wanajeshi. Katuni ya dakika zisizofika 90 iliwaliza watu. Filamu ya 2009 ina takriban dakika 150, inamuua na kumfufua, na ukumbi haushtuki.

Dawa ipo na imeshaonyeshwa. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya Bumblebee, roboti wa manjano wa kundi jema, ya dakika 114, iliyoongozwa na Travis Knight. Huyu alitokea kwenye filamu za vikaragosi vinavyosogezwa kwa mkono, fremu baada ya fremu. Mtu aliyeshika kiungo kwa vidole vyake anajua kiungo kinavyokunjika. Bumblebee akarudishiwa gari lake la kale, Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya manjano, na akigeuka unaiona milango ikienda ilikokwenda. Mwanzo wa filamu ile, kwenye sayari yao, roboti wamerudishiwa maumbo ya 1984, na hata mtu aliyekaa benchi la nyuma anawatambua. Iliingiza kama dola milioni 468 duniani, ilhali ile ya 2009 iliingiza zaidi ya milioni 830. Najua wenye fedha wanasoma tarakimu hizo kuliko barua kama hii.

Waulizeni pia watafsiri wa filamu kwenye mabanda. Mtafsiri hodari anaweza kuiokoa picha dhaifu, lakini anahitaji upenyo wa kuweka neno na anahitaji kujua anamsema nani. Msikilizeni kwenye filamu ya 2018, anaita majina. Kwenye ya 2009, ikifika Misri, anabaki na "huyu kampiga yule".

Kwa wenye mabanda, basi, ombi langu ni waanze na ya 2018, wafuatishe ya 2007, na ya 2009 iwekwe kwa wanaoiomba tu. Wakiiweka, watazame mambo machache. Sauti ya filamu hizi imegawanywa njia sita, na maneno ya waigizaji mengi yamo kwenye spika ya katikati. Banda likiwa na spika mbili na woofa, njia ya katikati huweza kupotea, ukabaki na milipuko bila maneno. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, ingia menyu ya sauti, chagua stereo, kisha washa kompresa ili minong'ono ipande na mabomu yashuke, na woofa ipunguzwe. Kwenye televisheni zima kilainisha mwendo, ambacho Samsung huita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG huita TruMotion na Sony huita Motionflow, kwa maana kinabuni fremu ambazo hazikupigwa na kuwafanya roboti wateleze. Kwa projekta, ziba matundu ya mabati na makuti yanayopenyeza jua; kijivu juu ya kijivu ndicho kitu cha kwanza kumezwa na mwanga.

Na gazeti lenu, Mhariri, linapotangaza filamu za watoto, liandike urefu wake kwa dakika na umri unaofaa. Nyingi za Transformers zinazidi saa mbili, na mzazi anayempeleka mtoto wa miaka mitano baada ya alasiri anapaswa kujua kwamba adhana ya magharibi itamkuta bado yumo ndani.

Mpenzi wa filamu,
Malindi