"Ugonjwa wa ngozi" si jina la ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita mama mmoja alimleta mwanawe hospitalini kwetu, kichwa kimejaa mabaka yenye magamba, nywele zimenyonyoka. Mapunye, hata bibi yangu angeyatambua kutoka mlangoni. Daktari akamwandikia griseofulvin, vidonge vya kuua fangasi, vya wiki sita, na alifanya sawa, maana dawa ya kupaka haifiki kwenye mashina ya nywele. Ila kwenye fomu ya bima akaandika "ugonjwa wa ngozi", basi. Mimi karani wa madai nikaweka L98.9, ambayo kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, ni ugonjwa wa ngozi usiotajwa. Fomu ikarudi: dawa imekatwa, haiendani na ugonjwa.

Siwalaumu sana watu wa bima. Laiti daktari angeandika neno moja, mapunye, ningeweka B35.0 na vile vidonge vingejieleza vyenyewe.

Na sisi makarani tuna letu. Tukisikia ngozi tunakimbilia herufi L, kumbe mapunye na upele viko kwenye B, na saratani ya ngozi iko C43 au C44. Tena hili neno upele ni mtego. Mgonjwa huita upele chochote kinachomwasha. Daktari akilinakili kama alivyolisikia, niweke B86, upele wa vidudu vinavyochimba ngozi, ambao hutibiwa nyumba nzima kwa pamoja, au R21, vipele ambavyo chanzo hakijajulikana? Mtu wa dirishani hawezi kuamua hilo.

Kuna siku namba ya jumla ndiyo ya kweli: mgonjwa amekuja mara ya kwanza, magamba yamekwanguliwa yakapelekwa maabara, jibu bado. Hapo sina neno. Lakini kuchagua namba nono ili malipo yapite ni wizi, na nimewahi kuombwa nifanye hivyo zaidi ya mara moja.

Madaktari wetu, andikeni mlichokiona na mahali kilipo. Jipu la usoni ni L02.0, la mguuni L02.4, "jipu" peke yake linanirudisha kulekule kwenye kubahatisha. Nanyi wa bima, "haiendani" haitoshi. Tuambieni kipi hakiendani na kipi.

Fomu ya mtoto yule bado iko kwenye droo yangu. Daktari yuko likizo, nami sina ruhusa ya kuongeza neno kwenye maandishi yake, ingawa kile kichwa nilikiona kwa macho yangu. Vidonge mama alinunua kwa fedha zake.

Karani wa madai ya bima,
Morogoro