Njoo Jumatatu, njoo Jumatatu, siku 30 hizo zinaisha

Mhariri salaam, naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu tuliozoea kazi za kampuni za watu binafsi.

Nimekuwa mhasibu wa duka moja la jumla hapa Dar miaka saba, Ijumaa moja saa kumi jioni nikaitwa nikapewa bahasha, eti peti kashi, zile hela za matumizi madogo ya ofisi, imepungua milioni moja na laki nane, acha funguo za sefu hapo mezani uende. Barua ya kujieleza sikupewa wala kikao sikuitwa. Na hizo hela vocha zake za malipo zipo, bosi mwenyewe alikuwa anachukua keshi anasema andika tu ntasaini kesho, hiyo kesho mpaka leo haijafika.

Nikadhani hasira zitapoa. Kila nikipiga simu naambiwa dada vumilia, bosi kasafiri, njoo Jumatatu. Jumatatu ya tatu ndo jirani yangu ananiuliza, ushaenda CMA? Ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kumbe ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kupeleka lalamiko, madai mengine ndo siku 60, na zile njoo Jumatatu zote zilikuwa zinanila siku zangu! Mhasibu mzima, hesabu za watu nafunga kila mwezi, siku zangu sijazihesabu. Ukichelewa unaweza kuomba ila utoe sababu ya maana, sasa "nilikuwa namsubiri bosi" ndo sababu gani?

Nimejaza fomu siku ya 24. Hawatozi hela, na wakili sio lazima, mnaanza kwa kusuluhishwa, mkishindwana ndo inaamuliwa. Kilichonipa moyo ni kwamba kwa sheria ya ajira ya 2004 mwajiri ndo anatakiwa athibitishe alikuwa na sababu ya haki na kafuata utaratibu, sio mimi nithibitishe sijaiba.

Alivyopata nakala bosi kapiga mwenyewe, sauti laini kabisa, njoo uchukue mshahara wako wa mwisho kuna kikaratasi tu cha kusaini. Kikaratasi kimeandikwa sina madai mengine yoyote. Mume wangu anasema chukua, kodi ya nyumba imefika, na simlaumu, ila mshahara nimeutolea jasho, nimewaambia waingize benki kama siku zote.

Usuluhishi ni Alhamisi. Vocha ziko faili la Machi, kabati la chini kushoto, nimezipanga mimi, nitawaomba waje nazo.

Mhasibu asiye na ofisi,
Mbagala, Dar es Salaam