Barua ya malalamiko: kipanya "cha safari" kisicho na pa kuweka kipokezi chake

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIPANYA CHENU CHA BILA WAYA KINACHOUZWA KAMA "CHA SAFARI"

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchora ramani za nyumba, na kazi yangu haina meza moja. Asubuhi naweza kuwa kwa mteja, mchana nimekaa juu ya rundo la mbao kwenye eneo la ujenzi, jioni namalizia mchoro nikiwa ndani ya basi. Laptopu ndiyo ofisi yangu. Anayechora kwa kompyuta hawezi kutegemea pedi ya kugusa kwa vidole, kwa sababu mchoro unausogeza kwa kubonyeza gurudumu la katikati na kulishikilia, na unaukuza au kuupunguza kwa kulizungusha. Kazi ya dakika kumi kwa kipanya hula saa nzima ukiifanya kwa pedi. Kipanya kwangu ni sawa na mwiko kwa fundi mwashi.

Miezi mitatu iliyopita nilinunua kipanya chenu. Waranti yake ni ya mwaka mmoja, risiti ninayo, na nakala yake nimeiambatanisha hapa. Nimewapigia simu mara mbili na kuwaandikia ujumbe mara tatu kabla ya kufikia hatua hii ya barua.

Naomba nianze na boksi, maana ndiko mambo yalikoharibikia. Boksi lenu limefungwa kwa gundi pande zote, hivyo mnunuzi hana cha kuamulia isipokuwa maneno yaliyoandikwa juu yake. Maneno yenyewe ni haya: "Kidogo. Chepesi. Cha safari." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Bila waya, GHz 2.4." Kuhusu namna kinavyoungana na kompyuta hamkuandika kingine chochote.

Nilikuwa natafuta kipanya cha Bluetooth, kwa sababu laptopu yangu ina Bluetooth ndani yake na ina matundu mawili tu, yote ya USB-C, ile mpya iliyo ndogo. Nilipoona GHz 2.4 niliridhika, kwani Bluetooth hutumia masafa hayohayo, kuanzia GHz 2.402 hadi 2.480. Vipanya vya kipokezi, yaani vyenye kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, navyo hutumia masafa hayo. Wi-Fi pia. Kwa hiyo namba mliyoandika ni ya kweli, lakini haimwambii mnunuzi jambo moja analohitaji kulijua kuliko yote: je, kuna kitu cha kuchomeka kwenye kompyuta au hakuna? Mnaweza kusema ningeuliza dukani. Niliuliza. Muuzaji naye aligeuza boksi akasoma maneno yaleyale.

Nilipofika na kufungua, nikakuta kipokezi kidogo kama ukucha wa kidole gumba, cha USB ile ya zamani ya mstatili. Hakiingii kwenye laptopu yangu. Ikabidi nitafute adapta yenye matundu kadhaa. Sikulalamika wakati huo, nikajiambia ni kosa langu la kutouliza zaidi. Nikakichomeka, nikachora.

Siku ya pili kishale cha kwenye skrini kikaanza kurukaruka. Nakivuta taratibu kwenye mstari wa ukuta, kinasimama kidogo, halafu kinaibukia sentimita mbili mbele. Mstari niliokusudia uishie kwenye kona ya chumba ukaishia katikati ya mlango. Nilipiga simu, kijana wenu akaniambia nifute programu na kuziweka upya. Nikafanya hivyo jioni nzima bila mafanikio. Nilikuja kugundua mwenyewe kwamba kishale huruka pale tu diski yangu ya nje, ya USB 3.0, inapokuwa imechomekwa kwenye adapta jirani na kipokezi. Nikiichomoa, kishale kinatulia. Nikiirudisha, kinaruka. Nilirudia mara sita mbele ya mwenzangu ili nisije nikawasingizia.

Jambo hili si geni kwa watengenezaji. Intel walitoa waraka mwaka 2012 wakieleza kwamba vifaa na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele za redio katika masafa ya GHz 2.4 hadi 2.5, na kwamba kelele hizo huweza kuzidi nguvu ishara dhaifu ya kifaa cha bila waya kilicho karibu. Moja ya njia za kupunguza tatizo ni kukisogeza kipokezi mbali na tundu hilo. Nilinunua waya mfupi wa kurefushia USB, nikakiweka kipokezi upande wa pili wa laptopu, na tatizo likaisha siku hiyohiyo. Sentensi mbili kwenye karatasi ya maelezo zingeniokolea wiki nzima na mchoro mmoja nilioupeleka kwa mteja ukiwa na kosa. Na kijana wa simu angekuwa amefundishwa hilo, asingenituma kufuta programu.

Kwa hiyo tangu hapo kila ninapotoka nabeba kipanya, kipokezi, adapta na waya. Nilinunua kifaa cha bila waya ili nipunguze mzigo, nikauongeza.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Kipanya chenu hakina mahali pa kuhifadhi kipokezi. Vipanya vingi vya aina hii vina kijishimo tumboni, ama pembeni ya betri, ambamo unakisukuma kipokezi kikaingia na kukaa, ukafunga mfuniko, ukatupa kipanya kwenye begi bila wasiwasi. Nimekigeuza chenu mara nyingi nikitafuta kijishimo hicho. Nikifungua mfuniko wa betri naona betri moja ya AA imelala, na kando yake pana nafasi tupu yenye upana wa kidole changu kidogo, imezibwa kwa ukuta mwembamba wa plastiki. Nimepima kwa rula: kipokezi kingeenea humo na nafasi ingebaki. Yaani pa kukiweka mlikuwa napo, mkapaziba. Hili limeniuma kuliko hata kupotea kwenyewe, kwa sababu linaonyesha kwamba hapana mtu kwenu aliyekichukua kipanya hiki akakitia begini, akapanda gari, akashuka, akaanza kazi, halafu akajiuliza kile kidude kidogo kimeenda wapi.

Changu nilikuwa nakiweka kwenye mfuko wa ndani wa begi. Wiki tano zilizopita, mvua ikianza kunyesha kwenye eneo la ujenzi, nilikusanya vitu haraka, na nilipofika kwa mteja kipokezi hakikuwepo. Nilirudi kesho yake nikapekua kokoto kwa mikono. Sikukiona.

Kipanya kizima, vitufe vyake vizima, gurudumu lake zima, betri mpya, na hakina kazi tena.

Nilipiga simu kuomba kuuziwa kipokezi kingine, tena niko tayari kukilipia. Nikajibiwa kwamba vipokezi haviuzwi peke yake, kwamba kila kipanya hufungamanishwa na kipokezi chake kiwandani na hakuna namna ya kukifungamanisha na kingine, na kwamba nashauriwa kununua kipanya kipya. Nilipouliza sababu nikaambiwa ni usalama. Usalama ni jambo la maana, sibishi. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba vipokezi vya baadhi ya kampuni vilikuwa vinapokea ishara zisizosimbwa, yaani zisizogeuzwa kuwa siri, kiasi kwamba mtu aliye mbali kidogo angeweza kutuma maandishi kwenye kompyuta ya mwenzake kana kwamba amekalia kibodi yake. Lakini dawa ya hilo ni kusimba mawasiliano, si kumnyima mteja kipokezi cha akiba. Logitech wamekuwa na kipokezi cha Unifying tangu 2009; kimoja kinaunganishwa na vifaa hadi sita, kimekuwa kikiuzwa peke yake, na mteja anakifungamanisha mwenyewe kwa programu ndogo. Inawezekana, basi. Naomba mnijibu kwa maandishi kwa nini kwenu haiwezekani, na pia mniambie kama mawasiliano ya kipanya chenu yamesimbwa, kwa sababu hilo nalo halimo kwenye boksi.

Kuna suala la betri, nalo nitalisema kwa ufupi. Boksi linaahidi miezi kumi na miwili kwa betri moja. Ya kwanza iliisha wiki ya tatu. Kipanya hakina swichi ya kuzimia. Hulala chenyewe kisipoguswa, na kikiguswa huamka. Ndani ya begi la mtu anayetembea kinaguswa siku nzima. Nilianza kuitoa betri kila jioni, na kwa kufungua na kufunga huko meno mawili ya mfuniko yakavunjika, sasa naufunga kwa gundi ya karatasi. Ahadi ya miezi kumi na miwili huenda ni ya kweli kwa kipanya kinachokaa mezani. Kwa kilichoandikwa "cha safari" mngekipima kikiwa safarini.

Nisionekane natafuta makosa tu. Kukataa kwake kufanya kazi juu ya meza ya kioo silaumu, kwa sababu jicho lake husoma vinyweleo na mikwaruzo ya meza ili lijue kinakoelekea, na kioo kisafi hakina cha kusomwa. Naweka daftari chini yake na mambo yanakwenda. Umbo lake linakaa vizuri kiganjani, na vitufe havipigi kelele, hata nikichora mtu akiwa anaongea kikaoni hageuki kunitazama. Gurudumu lake ni zuri kuliko la kipanya chochote nilichowahi kutumia: linabonyezeka kwa nguvu ndogo na haliteremki lenyewe ninapolishikilia. Kwa mchoraji hilo ni jambo kubwa. Mtu aliyelitengeneza gurudumu lile alijua anachofanya, na ndiyo maana bado nataka kipanya hiki kifanye kazi.

Tena si mimi peke yangu. Siku ya kwanza, kabla matatizo hayajaanza, kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza anunue kipanya gani. Hana kipato cha kujaribu kile na kile. Nilimshikisha changu, akalisikia gurudumu, akaenda kununua chenu kwa neno langu. Sasa namwona kila jioni akikitoa kipokezi, anakifunga ndani ya kitambaa, anakiweka kwenye mfuko wa shati na kuupapasa mara mbilimbili kabla hajaondoka. Kila nikimwona najua akikipoteza atapoteza kipanya kizima, na mimi ndiye niliyemwelekeza. Nimeshindwa kumwangalia usoni kwa jambo ambalo lingeondolewa na tundu dogo la plastiki.

Kwa hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, nipatiwe kipokezi kinachofanya kazi na kipanya changu, kwa malipo ya haki au bila malipo. Ikiwa kweli haiwezekani, nirudishiwe fedha yangu yote, kwa sababu kifaa kinachokufa kizima kwa kupotea kidude kisicho na pa kukaa kina kasoro ya kutengenezwa, na waranti haijaisha. Mfuniko wa betri pia ubadilishwe. Pili, mwandike juu ya boksi, kwa herufi zinazosomeka, kwamba kipanya kinatumia kipokezi na si Bluetooth, kipokezi ni cha USB ya aina gani, kina pa kuhifadhiwa au hakina, na kipanya kina swichi ya kuzimia au hakina. Mtu anayechagua kipanya cha kubeba anaamua kwa hayo, na leo hakuna hata moja analoweza kulijua kabla ya kulipa. Tatu, ule ukuta wa plastiki kando ya betri mwuondoe katika vipanya mtakavyotengeneza baadaye. Mkitaka nitawatumia picha na vipimo nilivyochukua, nimevichora kwa usahihi.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku kumi na nne tangu mpokee barua hii, yasiwe ya simu, kwa kuwa mara mbili nilizopiga kila mmoja aliniambia lake. Nisipopata jibu nitapeleka malalamiko haya, pamoja na viambatanisho vyake, kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya maandishi ya boksi, picha ya ndani ya kipanya ikiwa na rula kando yake, na nakala za ujumbe tatu nilizowaandikia.

Wenu mteja,

Mchora ramani