YAH: Rangi ya Kucha Yenye Stika Isiyo ya Kweli

Ngamiani, Tanga
17 Novemba 2025

Kwa Meneja wa Mauzo

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nina saluni ya kina mama hapa Ngamiani. Mwezi uliopita nilinunua kwa wakala wenu dazeni mbili za rangi ya kucha, kila chupa shilingi 4,500, wakati ya kawaida naipata kwa 1,500. Nililipa kwa moyo mmoja kwa sababu ya stika ya kijani iliyobandikwa nyuma ya chupa: "Haina tolueni, haina fomaldehaidi, haina DBP," yaani kemikali tatu zinazohofiwa kwenye rangi za kucha.

Wateja wangu huvua ushungi ndani, kwa hiyo mlango hufungwa na pazia hushushwa. Joto likipamba moto, feni inazungusha harufu ileile tu. Binti ninayefanya naye kazi ni mjamzito wa miezi sita, na ndiye anayeinamia mikono ya watu kutwa nzima. Piko nilishaiacha tangu mteja mmoja alipovimba viganja. Nilitaka na kwenye kucha niwe na amani.

Tangu chupa ya kwanza ilipofunguliwa, ilinuka kama tina ya mafundi rangi. Binti akaanza kulalamika kichwa. Jumamosi iliyopita, tukimwandaa bi harusi, asetoni ya kufutia rangi ilimwagikia chupa moja na stika ikajikunja pembeni. Nikaivuta polepole kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na lebo ya kiwandani, maandishi madogo meusi. Tolueni ipo mstari wa pili, DBP ipo karibu na mwisho. Nikabandua stika za chupa zote 19 zilizobaki. Zote ni hivyohivyo.

Tolueni inaifanya rangi itandae vizuri, lakini mvuke wake unaleta kizunguzungu, na wajawazito wanaonywa wakae nayo mbali. DBP inazuia rangi isipasuke kuchani, lakini inahofiwa kudhuru uzazi, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi zaidi ya miaka 20 iliyopita. Najua hamkuanza ninyi. Mwaka 2012, huko California, Marekani, serikali ilipima rangi 7 zilizodai hazina kemikali zote tatu, na 5 zikakutwa na angalau moja. Wao walihitaji maabara. Yenu imeandikwa kwenye chupa yenyewe, kisha ikafunikwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wateja hawasomi stika, wananisikiliza mimi. Nilimshika mkono mama anayenyonyesha nikamwambia, "Hii haina neno, dada." Maneno hayo niliyatoa kwenu. Nimeshampigia simu yeye na wengine wote niliowakumbuka.

Naomba mnirudishie shilingi 108,000, mziondoe chupa hizo kwa wakala wenu wa Tanga, na mnieleze kwa maandishi ni nani aliyebandika stika: kiwanda, ninyi, au wakala. Chupa 19, stika zake na risiti nimevihifadhi kwenye boksi. Nasubiri majibu hadi tarehe 1 Desemba. Yasipofika, boksi hilo nitalipeleka Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi.

Wasalaam,

Mwenye saluni, Ngamiani