Mafunzo ya ujenzi wa kijani yawafikie walioacha shule

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vijana walioacha shule kabla ya kumaliza, ambao karibu kila tangazo la ajira huwadai vyeti wasivyokuwa navyo. Ujenzi unaojali mazingira una kazi nyingi za kujifunza kwa mikono: kuziba nyufa zinazopitisha hewa, kuweka tabaka la kuzuia joto darini, kufunga paneli za sola. Nchini Marekani, mpango wa YouthBuild, ulioanzia East Harlem, New York, mwaka 1978, huwachukua vijana wa miaka 16 hadi 24, wakagawa muda wao kati ya darasa na eneo la ujenzi, huku wakijenga nyumba za watu wa kipato cha chini.

Ninachokithamini zaidi ni ule usaidizi unaoambatana na ufundi, kwa sababu kijana mwenye mtoto wa kulea, hata awe na bidii kiasi gani, hawezi kuhudhuria mafunzo kwa miezi kadhaa bila nauli wala posho. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika, tena mapema. Naziomba serikali zinazotoa zabuni za majengo ziwatengee vijana hawa nafasi za uanagenzi wenye malipo, na sharti hilo liandikwe katika mkataba kabla msingi haujachimbwa.

Msomaji wako