Miwani ya Uhalisia Pepe na Hofu ya Kupanda Boti: Jinsi Tunavyoifanya Tiba Hii Kigoma

Tangu tulipoanza kutibu hofu kwa miwani ya uhalisia pepe, yaani miwani inayofunika macho na kumwonyesha mtu mandhari kana kwamba yumo ndani yake, katika ofisi yetu ndogo ya ushauri nasaha hapa Kigoma mjini, swali tunaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Hiyo miwani mtu anaivaa mara ngapi ndipo apone?" Anayeuliza huwa amekwisha kusikia habari zake kwa jirani, na mara nyingine huja na fedha mkononi akitaka avishwe siku hiyohiyo na aondoke amepona. Tunamheshimu kila anayekuja na matumaini hayo, na kwa sababu hiyo tunaona ni wajibu wetu kumweleza kwa urefu kile anacholipia. Mtu hupona kwa kukaa na jambo analolihofia, kwa kiasi anachokimudu, bila kulikimbia, hadi mwili wake ujifunze kile ulichokosa kujifunza kila alipokimbia. Programu iliyomo ndani ya miwani hutusaidia kukipima kiasi hicho, kukiongeza na kukipunguza, na kazi yake inaishia hapo.

Hofu inayoletwa kwetu mara nyingi ni ya kusafiri ziwani. Kwa vijiji kadhaa vya mwambao wa Ziwa Tanganyika boti ndiyo basi, ndiyo gari la mizigo, na usiku wa uchungu wa uzazi ndiyo gari la wagonjwa pia. Mtu akishindwa kupanda boti, amefungiwa mlango wa soko, wa msibani na wa hospitali kwa pamoja. Ziwa lenyewe si la kuchezea: kina chake kinafika takriban mita 1,470, hakuna ziwa lenye kina kirefu zaidi barani Afrika, na katika miezi ya kiangazi upepo wa kutoka kusini huweza kuyainua mawimbi kwa muda mfupi. Kwa hiyo hatumfundishi mtu kulidharau ziwa. Anayeahirisha safari kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa imetahadharisha juu ya upepo mkali hana ugonjwa, ana busara. Tunayemhudumia ni yule ambaye hata asubuhi ya maji matulivu, akiwa amevaa jaketi okozi na boti ikiwa na abiria wachache, moyo unamwenda mbio, mikono inatoka jasho, naye anageuka na kurudi nyumbani.

Kurudi nyumbani huko ndiko kunakoilea hofu. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, ambaye ametukubalia tumsimulie na ambaye tumeyabadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha, alikuwa kwenye boti iliyoingiza maji usiku. Wote walitoka salama. Wiki iliyofuata alifika mwaloni Kibirizi, akaiona boti, akahisi tumbo limekaza, akamwambia nahodha aende bila yeye. Na alipofika nyumbani akapata nafuu kubwa. Nafuu hiyo mwili uliihesabu kama ushahidi kwamba alikuwa ameiponyoka hatari ya kweli. Mara ya pili hakufika hata kwenye boti, aliishia barabarani. Baada ya miezi michache harufu ya mafuta ya injini peke yake ilitosha kumfanya ashike ukuta. Hakuwa mwoga, na tunaomba ndugu waache kumwita hivyo mtu wa aina hii. Alikuwa amejifunza somo moja vizuri mno, na hakuwahi kukaa muda wa kutosha mahali ambapo angejifunza lingine.

Wazo la kuikabili hofu hatua kwa hatua ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani alichapisha habari za mtoto mdogo aliyemwogopa sungura: mnyama alisogezwa karibu kidogo kidogo huku mtoto akila chakula anachokipenda, hadi akaweza kumshika. Katika miaka ya 1950 Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, aliupa utaratibu huo ngazi zinazopandwa kuanzia hofu ndogo kwenda kubwa, na baadaye akatoa kipimo cha kumwuliza mtu ataje mwenyewe uzito wa hofu yake kwa namba, kuanzia sifuri hadi 100. Sisi tunatumia sifuri hadi 10, kwa kuwa ni rahisi kuitaja mtu akiwa ametetemeka. Miwani iliingia mwaka 1995, Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao walipochapisha matokeo ya kuwatibu wanaoogopa kuwa mahali pa juu kwa madaraja, roshani na lifti ya vioo vilivyochorwa na kompyuta. Mwaka 2018 timu ya Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford ilichapisha jaribio la watu 100 wenye hofu hiyohiyo, ambapo mwelekezaji alikuwa mhusika wa ndani ya programu, bila mtaalamu kuketi kando, na waliotibiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko ambao hawakutibiwa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, hapa kwetu hatumwachi mtu peke yake ndani ya miwani, kwa sababu hofu ya ziwa mara nyingi imebeba msiba ndani yake, na msiba unahitaji mtu wa kuusikiliza.

Tunavyofanya kazi ni hivi. Anayetibiwa huketi kwenye kiti, nami huketi mbele yake nikiwa na kishikwambi kinachonionyesha kile anachokiona. Kwenye kishikwambi hicho kuna vitufe vya kuchagua mandhari, kuongeza au kupunguza mawimbi, kubadili mchana kuwa jioni, kuongeza abiria, na kimoja kikubwa cha kusimamisha kila kitu. Ngazi huandikwa na yeye mwenyewe kwa maneno yake kabla hajaigusa miwani: kulitazama ziwa kutoka mlimani, kusimama mwaloni, kuweka mguu botini, kukaa boti ikiwa imefungwa kamba, injini kuwashwa, ufukwe kuanza kusogea mbali, wimbi la kwanza kupiga ubavuni. Ngazi moja hurudiwa mara nyingi. Hatupandi inayofuata kwa sababu muda umekwisha au kwa sababu mtu amelipa. Tunapanda anapokuwa amekaa kwenye ile ya chini hadi ameona mwenyewe kwamba lile alilolitarajia halikutokea.

Tatizo la kwanza tulilokutana nalo lilikuwa la mandhari. Programu tuliyoinunua ilikuja na bahari ya nchi za mbali na boti nyeupe za starehe zenye makochi. Tuliijaribu kwa watu watatu, wote wakatuambia ni nzuri kutazama. Namba ya hofu haikuvuka mbili, na pasipo hofu hapana cha kujifunza. Ndipo tukaenda Kibirizi na kamera inayopiga pande zote kwa mara moja, tukakaa kwenye boti ya mbao ya abiria, tukachukua picha na sauti: magunia, ndoo, injini ikikohoa kabla ya kushika, kondakta akiita majina ya vijiji. Video ya namna hii ina upungufu wake. Mtu anaweza kugeuza shingo na kuangalia kokote, lakini hawezi kuinuka na kutembea ndani yake, nami siwezi kuongeza wimbi ambalo siku ile halikuwapo. Kwa sababu hiyo tunaitumia video kwa ngazi za chini, ambapo mtu anahitaji kupatambua kwao, na mandhari ya kuchorwa kwa ngazi za juu, ambapo ni lazima mawimbi yawe mikononi mwangu. Tumeongeza pia ubao wa kukalia uliotoka kwenye boti kuukuu, feni ya kupuliza upepo usoni, na kikapu cha dagaa wakavu ambacho hukaa nje hadi kitakapohitajika. Sikutegemea kwamba kikapu kingefanya kazi kubwa kuliko picha, lakini ndivyo ilivyo kwa wengi.

Katika kipindi cha tatu cha yule mama, ngazi ilikuwa ya boti iliyofungwa kamba. Nilimwuliza, "Mama, uko ngapi sasa?"

"Sita, mwanangu. Hapana, saba."

"Kushoto kwako unaona nini?"

Alikaa kimya. Vidole vyake vilikuwa vimeukamata ubao hadi kucha zimekuwa nyeupe. Kishikwambi kilinionyesha kwamba uso umeelekea kushoto, lakini hakiwezi kunionyesha kama macho yamefumbwa, nami nikahisi yamefumbwa.

"Yafumbue kidogo tu, uniambie hiyo boti ya pili ina rangi gani."

"Bluu," akasema baada ya muda. "Ina mstari mweupe. Kuna kijana amekaa kwenye ncha yake anakula muhogo." Akavuta pumzi. "Anakula tu, hana habari."

Kufumba macho, kukamata kiti, kuhesabu moyoni ili muda upite, yote ni njia za kukimbia huku mtu ameketi. Hatugombi wala hatukatazi kwa ukali. Tunaomba mkono mmoja uachie, kisha wa pili. Dakika 11 baadaye alitaja nne, bila ya mimi kumwambia lolote la kumtuliza. Tulipoingiza kikapu cha dagaa ikapanda tena hadi saba, tukakaa nayo, ikashuka haraka kuliko mara ya kwanza. Niliiandika namba hiyo mbele yake kwa kuwa ni yake.

Lipo kosa letu ambalo wateja wanastahili kulijua. Miezi ya mwanzo umeme ulikatika katikati ya kipindi, ruta inayoleta picha ya miwani kwenye kishikwambi ikazimika, na kishikwambi changu kikawa cheusi. Miwani ina betri yake, kwa hiyo kijana aliyekuwa ameivaa alibaki juu ya mawimbi nisiyoyaona wala kuweza kuyapunguza. Nilichelewa kwa sekunde chache nikihangaika na kishikwambi, badala ya kumvua mara moja. Alitoka ametapika na amekasirika, na alikuwa na haki. Sasa ruta ina betri ya akiba, mandhari yote yamehifadhiwa ndani ya miwani ili tusiitegemee intaneti, na kanuni yetu ni kwamba picha ikipotea upande wangu, kwanza miwani inavuliwa, mengine baadaye. Kijana huyo alirudi baada ya wiki mbili, na hatukumtoza kwa kipindi kile.

Kichefuchefu hutokea hata umeme ukiwapo, kwa kuwa macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani haliuhisi. Ndiyo maana kipindi ni cha saa moja, na ndani yake miwani haikai usoni zaidi ya dakika 20 au 25, zilizogawanywa kwa mapumziko. Mwenye historia ya kifafa hatumvishi. Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au aliyefikiria kujitoa uhai, tunamsindikiza kwanza hospitali, kwani hofu ya boti inaweza kusubiri. Anayezimia akiona damu au sindano anahitaji njia nyingine, yaani ya kukaza misuli ili shinikizo la damu lisianguke, nayo tunaifundisha kabla ya jambo lolote lingine. Watoto tunafuata umri uliowekwa na mtengenezaji wa miwani. Na kwa waliokimbia vita, ambao mkoa wetu umewapokea kwa miaka mingi, tunasema wazi: hatutamwingiza mtu katika mandhari ya mapigano eti kwa kuwa programu inayo. Huyo anahitaji tiba ndefu na mtaalamu aliyefundishwa kwa kazi hiyo, nasi tutamsaidia kumpata.

Tiba haiishii ofisini. Aliyeweza kukaa na mawimbi ya kwenye miwani bado hajapanda boti, na ni lazima siku moja tuteremke naye Kibirizi asubuhi mapema, upepo ukiwa haujaamka. Tunazungumza na nahodha siku iliyotangulia. Mama yule siku ya kwanza alikaa kwenye boti iliyofungwa kwa nusu saa, akanunua muhogo. Siku ya pili injini iliwashwa. Safari ya kwanza ilikuwa fupi, ya kwenda na kurudi bila kuuacha ufukwe mbali, na namba aliyoitaja njiani ilikuwa sita; hakuna aliyemwahidi sifuri. Mwezi uliofuata alisafiri na mzigo wake bila sisi.

Malipo ya kipindi ni yaleyale kwa anayevaa miwani na asiyevaa, ili asiwepo atakayeshawishiwa kuivaa kwa faida yetu. Kipindi cha kwanza hakina miwani: tunazungumza, tunaiandika ngazi, na tunapima kama tiba hii inakufaa. Siku ya miwani kula chakula chepesi, njoo na miwani yako ya macho kama unaitumia, na utupe taarifa kama umesuka nywele juu, kwa kuwa mikanda inaweza kurefushwa. Anayevaa mtandio au kilemba atafungiwa mikanda juu yake, na akina mama wanaotaka kuhudumiwa na mwanamke waseme wanapoweka miadi. Kitambaa kinachogusa uso hubadilishwa kwa kila mtu, na lenzi hupanguswa. Namba unazotaja huandikwa kwenye daftari lenye jina la siri, hatuzihifadhi kwenye mtandao, na ukimaliza tiba unaweza kuomba karatasi zako ukaondoka nazo.