Asante, kaka wa steshenari ya Mwenge

Jina lako sikuuliza. Jioni ile umeme ulikatika kwetu, nami nadaiwa makala ya sabuni na mteja asiyejua kusubiri, huku muswada wa filamu yangu haujachapwa. Ukaniachia kompyuta ya dukani, jenereta ikinguruma, na hela ya intaneti ukakataa. Mungu akuzidishie.

Ila kubwa ni lile ulilosema ukibana kurasa: "Dada, huyu mama mbona anahutubia? Si angefunga mlango tu?" Ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja kwenye skrini, na hotuba ile ilikula tatu nzima! Nimeifuta. Mama sasa anafunga mlango, basi.

Jumamosi nakuja kuchapa sehemu ya pili. Chai na chapati nalipa mimi, usibishe.